Gari yakata mafuta? Pima presha kabla hujanunua pampu (mwongozo kamili)

Naanza na kosa langu mwenyewe ili wewe usilirudie. Ilikuja Probox ya injini 1NZ, mwenyewe apakia wageni uwanja wa ndege kuwapeleka Nungwi, asubuhi yawaka vizuri tu, yaondoka vizuri, ikifika kama Mahonda imeshapata moto ndo yaanza kushtuka shtuka kama mtu mwenye kwikwi, ukikanyaga mafuta ndo kwanza yazidi kulala, ukiizima ukaipumzisha robo saa yaondoka tena kama haijaumwa. Mie nikasema pampu hiyo bwana. Sikupima kitu, nikabadilisha. Wiki haijaisha imerudi. Nikasema basi ile pampu ya mtumba niliyomuekea ilikuwa mbovu, nikaeka nyengine. Ikarudi. Mara ya tatu ndo nikaona haya, nikatoa geji ya presha na mita ya umeme kwenye sanduku, kumbe boliti moja ya ethi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi) kule nyuma imeliwa na kutu mpaka imekuwa unga. Pampu zote mbili nilizozitoa zilikuwa nzima. Pesa za pampu ya pili nilimrudishia, ya kwanza akanisamehe.

Kwahiyo humu ntakwambia vipi wapima, kwa mpangilio, na utaona nimekaa sana kwenye umeme kwa sababu sie Zanzibar tumezungukwa na bahari, hewa yenyewe chumvi, na gari zetu nyingi zimeshaliwa na kutu huko Japan kwenye barabara zenye chumvi ya theluji kabla hazijapanda meli.

Kwanza elewa nini kinatokea. Pampu iko ndani ya tangi, yasukuma petroli mpaka kwenye reli ya nozeli (vile vinavyonyunyizia petroli kwenye injini), rejuleta yaishika presha isipande wala isishuke, na kompyuta yafungua nozeli kwa muda iliyoupiga hesabu. Kompyuta za gari zetu hizi nyingi hazina jicho la kuona presha, zaamini tu kwamba ipo. Presha ikishuka, nozeli yafunguka muda ule ule lakini petroli inayotoka ni kidogo, gari yakosa nguvu. Ikipanda, petroli yamwagika nyingi, moshi mweusi na plagi zapata masizi. Na hili shika: geji yakuonesha msukumo tu, haikuoneshi wingi. Pampu yaweza kusoma vizuri kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) alafu barabarani ikashindwa.

Kabla hujafungua chochote

Hakikisha kweli ni mafuta. Toa plagi moja uone cheche, tazama eya klina, maana n'shaona gari imefungwa pumzi na vumbi la Makunduchi watu washaenda Darajani kuulizia pampu. Alafu tazama mafuta yapo, na usiiamini mishale ya dashibodi.

Pampu inalia? Gari nyengine ukifungua swichi wasikia mlio wa sekunde mbili kutoka nyuma alafu kimya. Lakini Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo, pampu yasubiri mpaka upige stata, kwahiyo usiseme imekufa kwa sababu hujaisikia. Mueke mwenzio apige stata, wewe weka sikio kwenye mdomo wa tangi.

Kuna kipimo cha bure kabisa watu wanakidharau. Gari ikianza kukata njiani, simama, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia pumzi yaingia kwa nguvu na gari ikarudi sawa, tundu la kupumulia tangi limeziba, pampu yavuta hewa isiyopatikana. Hapo hununui kitu, wazibua tu.

Na maji. Wakati wa masika, au kama umetia petroli ya chupa shamba, chota kidogo kwenye chupa safi ya kioo uiache itulie nusu saa. Maji yakaa chini na petroli yaelea juu, utaona mstari. Ukiuona, presha yako yaweza kuwa sawa kabisa na gari bado yakohoa.

Dalili zasemaje

Gari yakawia kuwaka asubuhi, wapiga stata ndefu, lakini ikishawaka haina neno: hapo presha yashuka usiku, kuna pahala yavuja au inarudi tangini. Gari nzuri mjini lakini ukitoka barabara ndefu ya Tunguu ukaikanyaga yakosa nguvu: wingi hautoshi, fikiria filta, soksi ya pampu (kile kichujio kwenye mdomo wake), pampu kuchoka au umeme mdogo. Ndugu zetu wa Pemba hawa hawana shida ya kulijua hili, vilima vya Chake kwenda Mkoani vyakuambia mara moja, sie Unguja hatuna mlima wa maana. Yakata ikiwa ya moto tu na ikipoa yarudi: pampu, relei (ile swichi ya umeme inayoipa pampu moto), au muungano wa waya uliolegea. Moshi mweusi, harufu ya petroli, matumizi makubwa: presha iko juu au nozeli yavuja.

Kama una skana ya kusoma kompyuta ya gari, angalia yale marekebisho ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta yaongeza au yapunguza), ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yakiwa juu kwenye sailensi, zaidi ya asilimia 10 au 15, alafu ukipandisha resi yashuka, hiyo ni hewa inaingia pahala kwenye mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), sio pampu. Yakiwa mazuri kwenye sailensi na yakapanda unapokanyaga, hapo mafuta hayatoshi. Ila vile viskana vidogo vya bluetooth mara nyengine havielewani na gari za soko la Japan, vikikataa usidhani kompyuta imekufa.

Usalama, na hapa sitanii

Fanyia nje au pahala penye upepo. Sigara mbali, jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani mbali. Injini iwe imepoa. Tumia tochi ya betri, sio ile taa ya balbu ya kioo yenye waya, tone moja la petroli likiigusa ikiwa ya moto yapasuka na cheche ndo hiyo. Mtungi wa kuzimia moto pembeni, usipokuwa nao ndoo ya mchanga.

Kisha toa presha kwenye paipu. Chomoa relei au fyuzi ya pampu (kwenye Toyota nyingi relei imeandikwa C/OPN), washa gari iache ijizime yenyewe, piga stata tena sekunde tatu nne, toa waya hasi wa betri. Hata hivyo eka kitambaa pale unapofungua maana petroli kidogo hubaki, na ukirushiwa kwenye jicho utaijua siku hiyo.

Na gari za D4 (zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda), kama Noah na Voxy zenye injini 1AZ-FSE. Hizo zina pampu mbili, moja ya tangini na nyengine juu ya injini, na ile ya juu yasukuma bar 80 na zaidi. Usifungue wala usipime upande ule kwa geji hii, presha ile yatoboa ngozi. Wewe pima upande wa tangi tu, wa juu muachie mwenye vifaa.

Kufunga geji

Wahitaji geji inayosoma angalau psi 100, kiungo cha T, mpira wa presha wa gari za nozeli, uloandikwa EFI (sio mpira wa maji, wala ule wa kabureta, n'shauona ukipasuka juu ya egzosi) na klipu za kukaza. Geji nyingi zasoma psi na bar pamoja, bar 1 ni psi 14.5.

Injini za zamani kama 5A, 7A na 3S zina boliti yenye tundu pale kwenye filta au mwisho wa reli, wafunga pale kwa washa (ringi bapa) mpya za shaba. Za 1NZ na 1ZZ zina kiungo cha plastiki cha kubana, wabana vimasikio viwili wavuta taratibu, usitie bisibisi, kikivunjika utakitafuta mji mzima. Ingiza T katikati ya paipu na reli. Rudisha betri na relei, alafu kabla hujawasha chunguza kuna tone? Endesha pampu kidogo kwanza.

Kuendesha pampu bila ya injini: Toyota za zamani zina kiboksi cha plastiki chini ya boneti, ndani yake kuna matundu yameandikwa FP na +B. Unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, pampu yazunguka. Soma maandishi vizuri, ukikosea tundu utaunguza kitu. Gari zisizo na kiboksi hicho, wachomoa relei ya pampu na kuunganisha matundu yake mawili ya umeme mkubwa kwa waya wenye fyuzi.

Namba zenyewe

1NZ na 1ZZ, zile zisizo na paipu ya kurudisha mafuta tangini, zataka psi 44 mpaka 50, na haibadiliki ukiwa kwenye sailensi wala ukipandisha resi. Zenye paipu ya kurudisha, yaani 5A, 7A, 3S, kuna kampira ka vakyumu kanaingia kwenye rejuleta: kakiwa kamechomolewa na kuzibwa wasoma psi 38 mpaka 44, ukikarudisha yashuka mpaka 31 mpaka 37 hivi. Isiposhuka, rejuleta haisikii vakyumu. Na ukikachomoa kampira hako ukakuta kana petroli ndani, usiendelee kupima, ngozi ya rejuleta imetoboka na injini yanywa mafuta kupitia pale, badilisha.

Gari nyengine tafuta namba yake, usitumie ya Toyota kwenye Nissan.

Pima mara nne: pampu ikizunguka bila injini, kwenye sailensi, ukipiga resi ghafla, na mwisho ukiwa barabarani. Hiyo ya barabarani ndo yenye maneno. Funga geji kwa tepu kwenye kioo cha mbele kwa nje, mpira uwe mrefu usiguse pahala pa moto, boneti ifungwe ile kufuli ya kwanza, mwenzio asome wewe uendeshe. Usiiingize geji ndani ya gari hata siku moja. Kanyaga mpaka chini kwenye gia ya juu. Sindano ikishuka zaidi ya psi 5 hivi na gari ikakosa nguvu wakati huo huo, umemkamata.

Alafu zima, chukua saa. Baada ya dakika 5 Toyota yataka ibakie psi 21 au zaidi.

Presha ndogo: ni pampu au ni nini?

Zenye mpira wa kurudisha, ubane ule mpira kwa koleo bapa lenye kitambaa, sekunde moja au mbili tu, pampu ikizunguka. Sindano ikiruka juu haraka kupita namba ya kawaida, pampu na filta wazima, rejuleta ndo imelegea. Isipopanda, tatizo liko kabla ya hapo. Paipu za plastiki usizibane, zinapasuka.

Kisha pima wingi. Elekeza paipu kwenye chupa yenye alama, endesha pampu sekunde 30. Nusu lita au zaidi ni sawa kwa gari nyingi ndogo. Ikitoka kidogo, filta au soksi imeziba, au pampu imechoka, au haipati umeme. Na ikitoka na mapovu yasiyokwisha, pampu yavuta hewa, soksi imekaa vibaya au mafuta yako chini.

Sasa umeme, na hapa ndo nilipoumbuka. Pampu isipopata volti kamili haizunguki kwa kasi yake, na ukiitoa ukaijaribu kwenye betri mezani yalia kama mpya. Kwahiyo pima ikiwa inafanya kazi. Kupima kiplagi kimechomolewa hakuna maana, waya uliobakia uzi mmoja utakuonesha volti 12 safi wakati hauwezi kubeba mzigo.

Inua kiti cha nyuma, kwenye gari nyingi kuna kifuniko cha bati chini yake. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya kiplagi bila kukichomoa. Injini ikiwaka, betri yaonesha kama 13.8 mpaka 14.2, na kwenye pampu uone upungufu usiozidi volti 1, nusu volti ndo nzuri. Ukikuta 10 au 11, hasara iko njiani, itafute. Mita iwe kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye waya wa ethi wa pampu: ikizidi 0.2 ethi mbovu. Ile Probox ilinisomea 2.6, na ikipata moto yapanda zaidi. Alafu geuza, ncha moja chanya ya betri na nyengine kwenye waya wa chanya wa pampu: ikizidi nusu volti, rudi nyuma moja moja, kiplagi, relei, fyuzi, swichi, mpaka uone pahala inaporuka.

Relei yaweza kupima vizuri baridi na kuacha ikipata moto. Mara nyingi pale kwenye boksi kuna nyengine ya aina moja, ya honi mathalan, zibadilishane uone. Na Mark II au Crown za 1JZ usishtuke, zina rizista (kipunguza umeme) makusudi, kwenye sailensi pampu yapewa volti pungufu na ukikanyaga ndo yapewa kamili.

Ukiwa na mita ya kubana waya, soma na ampea. Pampu za gari ndogo hizi nyingi zala kama 3 mpaka 7. Ikila nyingi kupita kawaida na presha ndogo, yazunguka kwa taabu, filta imeziba au pampu imekufa ndani. Ikila kidogo sana na presha ndogo, haipati umeme au haishiki mafuta.

Umeme mzuri, ethi nzuri, filta mpya, soksi safi, na wingi bado hautoshi? Haya sasa, nunua pampu yako.

Presha inashuka ukizima

Gari zenye mpira wa kurudisha: endesha pampu mpaka presha ipande, zima, hapo hapo bana mpira wa kwenda, kati ya tangi na geji. Ikishika, valvu ya ndani ya pampu ndo yarudisha mafuta tangini. Rudia tena ubane wa kurudi, ikishika ni rejuleta. Hata hivyo bado yashuka? Nozeli yavuja, toa plagi utazame ipi imelowa. Zisizo na mpira wa kurudi tumia geji yenye koki, funga koki upande wa tangi. Presha ikishuka hata hivyo, nozeli. Ikishika, ni pampu au rejuleta yake humo tangini.

Presha kubwa

Hii si nyingi kwetu. Kwa zenye mpira wa kurudi, chomoa ule wa kurudi uelekeze kwenye chupa. Presha ikishuka ikawa sawa, paipu ya kurudi imeziba au imebanwa, mara nyingi pahala gari iligonga jiwe. Isiposhuka, rejuleta.

Ukishabadilisha

Oringi mpya na soksi mpya kila unapofungua pampu, na gasketi ya kifuniko cha tangi usiipake silikoni, petroli yaimumunya na vipande vyaenda kuziba soksi uliyoinunua jana. Kama ndani ya tangi kuna kutu litoe ulioshe, vinginevyo umefanya kazi bure. Ethi ikwangue mpaka bati ling'ae, kaza, alafu paka grisi juu. Viungo vya plastiki visukume mpaka visikike "tak", kisha vivute kidogo kwa mkono uhakikishe. Endesha pampu mara tatu nne kabla ya kuwasha, pita na tochi ukinusa na kugusa kila muungano, alafu pima presha tena na uende nayo barabarani tena.

Na mwambie mwenye gari aache kutia mafuta ya elfu tano tano taa ikiwaka siku nzima. Pampu yapozwa na petroli inayoogelea ndani yake, ikikaa kavu yapata moto, na uchafu wote wa chini ya tangi ndo anaokunywa. Atakwambia mafuta bei, lakini robo tangi iwe ndo sifuri yake.

Ile Probox niliisafisha ethi, nikaeka na waya mwengine mpya kwenda kwenye bodi, volti ikashuka mpaka 0.05, presha ikasimama kwenye 47 kwenda Nungwi na kurudi. Namba hiyo na tarehe niliziandika kwa maka peni chini ya boneti, na sasa naandika kwenye kila gari ninayoipima, maana ikirudi miezi sita baadae nna cha kulinganishia.